Uzee wa Kununua

Da Mishi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, basi pokea yangu: nimechoka, miguu imevimba, na tangu nipewe tiketi nacheka peke yangu kama mwehu. Naenda nyumbani Kitale! Ndege ni leo jioni. Saa hii ni saa nne asubuhi, nimeketi hapa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, chumbani kwa shoga yako Saumu, na mabegi mawili yako mlangoni. Moja langu, moja lako.

Ngoja nikueleze, maana uliondoka katikati ya habari.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza kule Riyadh, kwa Baba, tajiri wetu? Alikuwa ameacha kadi zake za besiboli mezani, zile zinazochapishwa mwaka huu lakini zinatengenezwa zionekane za zamani. Karatasi rangi ya chai, madoadoa pembeni, wachezaji wamechorwa kwa rangi zilizofifia. Mimi na akili yangu ya darasa la nane nikaona uchafu. Nikachukua sponji na sabuni ya vyombo. Uliponikuta, kadi nne zilikuwa zimeshafura kona kama mandazi.

"Ebo! Wewe mwana, huo si uchafu! Huo ni uzee wa kununua!"

Ukakaa chini ukacheka mpaka mtandio ukaanguka. "Sisi twazeeka bure, wenzetu walipia." Kisha ukaenda ukamwambia Baba ni wewe uliyezimwagia maji. Aki sikukushukuru vizuri siku ile.

Alikusamehe upesi kwa sababu ya mkono wako wa bahati. Baba alisoma Amerika akarudi na ugonjwa wa besiboli, ule mchezo wao wa gongo, wenzake wote wakiwa watu wa mpira. Kadi zenyewe huuzwa zimefungwa kwenye pakiti, hujui utamtoa nani. Alikuwa akichana pakiti zake mwenyewe, anapata za kawaida tu. Siku moja alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, akakuambia umfungulie moja, ikatoka kadi yenye sahihi ya mchezaji. Basi, ukaacha kuwa mpishi tu. Boksi likifika tu, "Mishi, yalla!", na sufuria naachiwa mimi.

Nami nilikuwa naiacha sufuria nije kukutazama. Mikono unaosha, unakausha, mafuta ya kujipaka hapana. Bismillahi. Unachana juu kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, na mtu asikuharakishe. Kadi unazilaza kifudifudi, unaanza na ya mwisho. Kwanza unanusa. "Zanukia daftari jipya." Halafu unawapa majina. "Huyu ni chifu wetu wa Kwale, amenyimwa pilau." "Huyu mwenye mashavu ni yule ejenti aliyetuambia kazi ni nyepesi." Watoto wa Baba hawakujua chifu wala ejenti, lakini walikuwa wanacheka mpaka wanalala kwenye zulia.

Za kawaida alikuachia wewe. Ukazipanga kwenye albamu yako, tisa kila ukurasa, na nyuma ya kila moja umeandika jina kwa biro. Ile siku Baba aliona biro! Alijifunika uso kama mtu aliyeona ajali.

Kadi moja tu ndiyo ilikuwa imemshinda kuipata. Namba sitini na moja, jamaa wa masharubu, gongo begani, nyuma yake kijani kitupu. Baba akaapa mbele yetu: "Wallahi Mishi, ukimtoa huyu, omba utakalo." Jikoni ukaniambia, machozi ya vitunguu yakikutoka, "Nitakuombea likizo. Mkataba wako umekwisha, kila siku ni inshallah baadaye. Mtoto akikuona atakuja kukuamkia kama mgeni."

Tangu hapo nilijua kila pakiti unayofungua ni yangu. Ulikuwa ukimaliza unanitafuta kwa macho, unatikisa kichwa kidogo. Bado.

Halafu moyo wako ukasimama asubuhi ya Jumanne, sinia mkononi.

Hapo nitapita haraka. Dereva wetu Otieno alikwenda na Baba kukuzika. Mimi sikwenda, unajua wanawake hawaendi. Akarudi na vumbi kwenye viatu akaniambia, "Amelazwa vizuri, dada." Nikaosha lile sinia. Nikaliosha tena.

Baba hakufungua pakiti tena. Maboksi yalifika, akayasukuma kabatini, yakawa sita. Nami nikawa mpishi, dobi, yaya, kila kitu, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Siku moja Neema akaniuliza kwa simu, "Kwani wewe ndiye mama wa kwa simu? Na yule mwingine atakuja lini?" Ana miaka minne, Da Mishi. Nilimwacha akitambaa.

Shule zilipofungwa tukaja Jeddah, na Baba akabeba boksi moja. Baada ya alasiri akaliweka mezani, madam na watoto wakiwepo, akalitazama, akaniita. "Yalla, Mama Neema. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake."

Nikaosha mikono. Nikakausha mara mbili. Ukucha wangu ulikuwa umekatika kwa kufua, nikatumia wa kushoto. Pakiti ishirini na nne. Ya kwanza nilisahau kunusa, watoto wakanikemea: "Mishi alikuwa ananusa!" Nikanusa. Nikaanza na majina, yakanijia tu. "Huyu ni mwalimu wangu wa hesabu siku ya matokeo." Wakaangua kicheko, Baba naye, mara ya kwanza tangu uende. Chumba kikawa kama ulikuwamo.

Lakini mimi moyoni nilikuwa nahesabu. Pakiti kumi, hayupo. Ishirini, hayupo. Ya ishirini na tatu nikaona kijani kikichungulia, nikasimama bila kujua. Kilikuwa kijani cha kofia ya mtu mwingine, hana hata unywele mmoja mdomoni. Ya mwisho ikaisha.

"Halas," Baba akasema. "Labda boksi lijalo, inshallah."

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa ya ugomvi, wala ya kulia. Ilikuwa kama nikimwambia Neema avae viatu. Nikasema, "Baba, mtoto wangu hayumo kwenye pakiti."

Nikaendelea, maana ningenyamaza ningeomba msamaha. "Mkataba wangu umekwisha miezi saba. Likizo ni haki yangu. Sitaki kuipata kwa bahati."

Madam ndiye aliyeanza. "Miezi saba?" akamwuliza mumewe, na unajua macho ya madam. Baba akashika kichwa. Akatazama zile kadi, akanitazama mimi, akaanza kutabasamu upande mmoja. "Mishi alikufundisha kufungua pakiti, au kufungua mdomo?"

"Vyote, Baba."

Wiki mbili baadaye, viza ya kwenda na kurudi, na tiketi. Jana akaniongezea pakiti mbili zilizofungwa, za Neema. "Masharubu akitoka huko Kitale, nipigie simu hata kama nimelala!"

Kwa hiyo nakuaga, Da Mishi wangu. Begi lako nitalifikisha Kwale kwa mama yako kabla sijapanda gari la kwetu, na albamu iko juu kabisa, chini ya mtandio wako. Nitaketi naye nimsomee majina yote, mpaka la chifu. Zile nne nilizoziosha, alizotuachia Baba, nimebaki nazo mimi. Hizo ni zangu, usinidai.

Neema atafungua pakiti zake mwenyewe. Mikono mikavu, ukucha wa kidole gumba, anuse kwanza. Akitaka kuchana kwa meno nitamkataza. Akinitazama kama mgeni, nitakaa chini nimngoje, ya mwisho kwanza, polepole, na mtu asituharakishe.

Ulisema sisi twazeeka bure. Wewe hata uzee wa bure hukuupata. Basi nakuahidi: mimi nitazeeka. Nitazeeka sana, mvi na madoadoa pembeni, mbele ya macho ya mwanangu, kwa niaba yetu sote wawili. Na mtu asije akaniosha.

Lala, dada yangu.

Mama Neema