Kadi Iliyofungwa Kwenye Spoki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa jaladani. Mtaani anaitwa Bi Spoki.
Umri: miaka 54.
Kazi: fundi wa kusuka magurudumu ya baiskeli.
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yake, mtaa ulio nyuma ya soko.
Yametolewa: Alhamisi tarehe 2, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeitwa kituoni kueleza kadi moja. Ni kipande cha boksi chenye tundu na waya, na kimeandikwa maneno matatu kwa mkono: MAREHEMU. SHEMEJI. JUMATATU. Kilikutwa mfukoni mwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliyeanguka na baiskeli Jumapili tarehe 28 na kufariki hospitalini Jumatatu tarehe 29. Mwandiko ni wangu, sikatai. Mdogo wangu ameeleza hapa kwamba nilimtishia mumewe. Nimekuja kusema kadi ile ilikuwa nini.

Shemeji alikuwa msoma mita za maji, umri miaka 41. Siku za kazi alizunguka mitaani kwa baiskeli ya ofisi, na Jumapili alishindana na wenzake kwa baiskeli yake mwenyewe ya mbio. Afande ameniambia nimwite marehemu. Naomba niendelee kumwita shemeji.

Tulikuwa watani. Tangu alipokuja kumposa mdogo wangu, miaka kumi na saba sasa, hatukuwahi kuzungumza dakika tano bila kuchokozana. Akiingia karakana namuuliza, bado hujafa tu? Naye ananijibu kwamba anangoja kunizika mimi kwanza. Hizo ndizo zilikuwa salamu zetu, na mdogo wangu anazijua kuliko mtu yeyote.

Mnamo Jumanne tarehe 2 ya mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni, alikuja kuniuliza anunue magurudumu gani ya kaboni. Nilimweleza kama ninavyomweleza kila mteja. Kwanza ajipime yeye, maana alikuwa na kilo tisini na mbili. Asikimbilie wepesi, atafute ringi yenye midomo minene, zile kingo zinazoshika tairi, kwa sababu ndizo zinazopokea shimo la barabara kabla ya kitu kingine chochote. Spoki zisipungue ishirini na nne mbele na ishirini na nane nyuma. Na habu, kile kitovu cha gurudumu, iwe na beringi za saizi ya kawaida na mpira wa kuzuia maji, ili zikichakaa nizibadilishe hapa hapa. Nikamwambia chuma hupinda kikakuonya, lakini kaboni hukaa kimya halafu ikaachia.

Akasema, "Shemeji, unanichagulia gurudumu au jeneza?" Nikamjibu, "Kwa uzito wako ni kitu kilekile." Fundi cherehani wa mlango wa pili alisikia na akacheka.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa tatu asubuhi, alikuja na magurudumu ameshayanunua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule muuzaji alikuwa amejitembeza kwenye simu ya shemeji wiki nzima. Spoki kumi na nane mbele, mdomo mwembamba kama ukucha. Alinyanyua moja kwa kidole akaniambia ni jepesi kama unyoya. Nikamwambia unyoya haubebi mtu. Nikamwambia tena, asiyesikia la mkuu. Akamalizia mwenyewe, "Huvunjika guu, nami ninayo mawili." Niliyafunga. Niliyagonga pande zote kwa sarafu, kama ninavyofanya siku zote, na yalilia vizuri. Hilo pia naomba liandikwe.

Mnamo Ijumaa tarehe 26, saa nane mchana, alirudi kwa baiskeli ya ofisi, gurudumu la mbele la ile ya mbio kalibeba begani. Alikuwa ameingia kwenye shimo siku iliyotangulia, na tangu hapo akifunga breki ya mbele alisikia baiskeli inanong'ona. Neno hilo alilisema yeye. Nilivua tairi la mbele nikagonga ringi polepole. Kaboni nzima hutoa mlio mkavu. Nilipofika karibu na vali mlio ukafa, ukawa kama wa kikombe chenye ufa. Nilipofuta vumbi niliuona ufa wenyewe, mwembamba kama unywele, urefu wa vidole viwili. Nikauzungushia duara kwa penseli nyeupe.

Katika karakana yangu gurudumu la namna hiyo linaitwa marehemu. Ni neno la baba yangu aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema, gurudumu bovu usilisemee, likate. Unakata spoki zote, basi, hata mwizi akiliiba hawezi kulitumia. Nilishika koleo. Shemeji akanishika mkono, akasema muuzaji hapokei gurudumu lililokatwa, nimwachie mpaka Jumatatu alirudishe apewe jingine. Nikaweka koleo chini. Hapo ndipo nilipokosea, tena nimekosea katika kitu ninachokijua kuliko vyote.

Nilimpa gurudumu langu la zamani la alumini alitumie Jumapili. Aliliangalia kama nimempa sufuria. Nikamwambia, "Hili lako litakuua." Akasema, "Siku ya kunizika ujitahidi uoge." Nikacheka. Afande ameniuliza mara mbili kama nilicheka. Nilicheka. Aliondoka bila kuchukua la alumini, akasema atalipitia kesho, na alipokuwa mlangoni nikamwambia, "Nenda ukafe huko, nipumzike." Fundi cherehani ameeleza kwamba alisikia maneno hayo. Amesema kweli.

Kisha niliandika kadi nikaifunga kwenye spoki, nikalitundika gurudumu ukutani. Kila kadi yangu ina maneno matatu: hali ya gurudumu, mwenyewe, na siku ya kutoka. Afande anaweza kutuma mtu sasa hivi. Ukutani kuna nyingine inasema MZIMA. MWALIMU. ALHAMISI, na huyo mwalimu anakuja leo jioni kuchukua gurudumu lake.

Mnamo Jumamosi tarehe 27 nilitoka saa tano kwenda kununua grisi. Shemeji alikuwa na ufunguo, ni mtu wa nyumbani. Niliporudi saa saba la alumini lilikuwa bado limeegemea ukuta na msumari wa marehemu ulikuwa mtupu. Nilimpigia simu mara tatu, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe, "Mwizi wewe, rudisha marehemu wangu." Akanijibu, "Marehemu anakula, usimsumbue." Nikajiambia amelichukua ili alifunge vizuri kwenye boksi tayari kwa Jumatatu. Moyo haukutulia, lakini nilikuwa na gurudumu la mtu mezani nikaendelea na kazi. Nyumbani kwao ni mwendo wa robo saa. Sikwenda.

Baadaye fundi cherehani aliniambia maneno aliyoyasema shemeji akiwa anatoka nalo begani. Alisema, "Kaandika marehemu, ananitania tu huyu. Lingekuwa bovu kweli, nani angemzuia asilikate?"

Usiku huo aliiweka kadi mezani wakati wa kula, na mdogo wangu naye aliisoma akacheka. Aliniambia mwenyewe hospitalini. Katika maelezo yake hakulisema, nami silisemi kumuumiza. Nalisema kwa sababu aliicheka kama alivyoicheka mumewe. Siku ile hakuna aliyeiona kuwa ni tishio.

Mnamo Jumapili tarehe 28, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwa maelezo ya wenzake, walikuwa wanashuka mteremko wa tangi la maji. Kwenye kona ya chini alifunga breki na gurudumu la mbele likaachia. Mimi nilipigiwa simu saa mbili na nusu. Nilifika hospitali nikamkuta mdogo wangu kwenye benchi la nje, amepakata nguo za mumewe, na kadi iliyotoka mfukoni iko mkononi. Nadhani shemeji alikuwa amekwenda nayo mbioni kuwachekesha wenzake.

Wakati huo shemeji alikuwa hai. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, Jumatatu ni nini?" Nikamwambia ni siku ya kurudisha gurudumu. Akakunja kadi. Tulikaa hapo mchana kutwa na usiku kucha, na kila nikisikia saa ya ukutani nilijikuta nahesabu zimebaki saa ngapi Jumatatu iishe, kana kwamba ikipita atapona. Aliaga dunia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu akaniambia, "Uliandika mpaka siku." Tangu hapo hajazungumza nami. Msibani nilikaa nje.

Leo kabla ya kuanza maelezo haya nimeonyeshwa gurudumu. Limefunguka palepale, ndani ya duara langu. Alama ya penseli bado inaonekana pande zote mbili za ufa.

Afande ameniuliza kadi ile ilikuwa onyo, tishio au mzaha. Ilikuwa onyo. Nililitoa kwa sauti ya utani kwa sababu sauti nyingine kwa shemeji yangu sikuwa nayo, miaka kumi na saba sikuwahi kuihitaji. Kumtishia sikumtishia. Kumzuia ndiko sikumzuia, na koleo nilikuwa nalo mkononi. Mkubwa ni jalala, mdogo wangu atupe kwangu chochote anachotaka kutupa. Lakini nilimpenda mumewe, na ningependa ajue hivyo hata kama ni kwa kusomewa na polisi.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa, na pale palipoandikwa "akacheka" na "nikacheka" nimeomba pasifutwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya mpokeaji: Yamemalizika saa sita na dakika tano mchana. Ujumbe wa simu umeonwa na unalingana na maelezo. Askari aliyetumwa karakana amekuta kadi nane ukutani, zote za maneno matatu. Shahidi alitakiwa kuandika maneno ya kadi kwa mkono wake ili mwandiko ulinganishwe. Aliandika SHEMEJI na JUMATATU bila tatizo. Neno la kwanza aliliachia nafasi, akasema atalijaza mwishoni. Alikaa na kalamu dakika kama kumi. Karatasi imeambatishwa kama ilivyo.