Ukuta Uliotoka Jasho

Mke wangu, mama yake Salma,

Amani ikushukie huko uliko, ambako sauti yangu haifiki ila kwa dua. Nimeketi barazani petu, ulipokuwa ukinipokea nikirudi msikitini na kuniuliza, "Leo umemwombea nani, Sheikh?"

Waukumbuka ukuta wa kichochoroni, nyuma ya chumba chako? Masika ya kwanza baada ya kufa kwako, ulianza kutoka jasho. Salma alikuwa ameupaka rangi ya mafuta ya kijani, ile uliyoipenda. Rangi ikatuna malengelenge, ikapasuka, na chini yake likatokeza doa jeusi, kimo cha mwanamke aliyeketi, kichwa kimeinamia bega. Tukakwangua, tukapaka tena. Likarudi, bega lile lile.

Na upande wa pili wa ukuta ule ndipo palipochimbwa ufuo, shimo la kupokea maji tulipokuosha.

Watu wakaanza kupita njia nyingine. Watoto uliokuwa ukiwagawia visheti wakifika pale walikimbia. Salma akafunga mizigo ahamie mtaa wa Mpendae. "Baba, Mama hajatulia. Mie silali tena humu."

Nikamsomea nilichofundishwa: roho zi mikononi mwa Mola, hazirudi kukaa kutani. Lakini hata mimi, nikipita hapo baada ya Magharibi, nilitoa salamu.

Kilichoniuma si doa. Kiliniuma kwamba wewe, uliyekuwa huwezi kumfukuza hata kuku, sasa waogopwa.

Nikamwita binamu yako Makame, mwashi. Akabandua gamba la rangi. Nyuma yake kulikuwa na unga mweupe. Akaulamba. "Jini gani huyu, shemeji, ladha yake chumvi kama samaki wa ng'onda?" Kisha akauliza ufuo ulifukiwa kwa kitu gani.

Salma akajibu kwa sauti ndogo. "Kwa mchanga wa pwani ya Bububu. Mama kazaliwa kule. Nlitaka alipooshewa pawe peupe."

Basi chumvi ya mchanga ule ndiyo iliyovuta unyevu na kuupandisha ukutani, na rangi ya mafuta ikauzibia njia ya kutokea. Tukauchimba mchanga wote, tukafukia kwa udongo mwekundu. Tukakwangua rangi hadi kwenye jiwe, tukapangusa chumvi kwa brashi kavu, bila maji, kisha tukauacha ukuta uchi kaskazi nzima, ukaushwe na jua. Ndipo tukapaka chokaa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, maana chokaa huuacha ukuta upumue.

Mchanga Salma hakuumwaga. Aliurudisha Bububu mwenyewe, akilia njia nzima, kisha akarudi kufungua mizigo yake.

Masika mengine yamepita. Ukuta mkavu, mweupe, na watoto wameuegemea wakicheza. Hakuna akuogopaye tena, mke wangu.

Nami kila nitokapo kwenda kusali Alfajiri, husimama pale nikatoa salamu. Kisha, Mola anisamehe, mkono wangu huupapasa ukuta, kutafuta unyevu.

Mumeo, asiyekusahau katika sijida,
Baba Salma