Taco ya Kwanza ya Baba Tangu Kiharusi

Mtaa wa Santa Teresita,
Guadalajara.
Jumatatu, 19 Februari 2018

Mpendwa mdogo wangu Eusebio,

Salamu zikufikie huko Fresno, wewe na Nereida na mapacha. Hamjambo? Baridi imepungua? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwenye mizabibu umepata nafuu, au bado unajifanya kijana? Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe, na Baba pia mzima. Nimeanza na hilo makusudi, usije ukadhani barua hii ni ya msiba. Ingawa jana ilibaki kidogo tu iwe.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikata maneno, tena Baba husikiliza nyuma ya mlango. Mguu wa kushoto umekufa, lakini masikio yale, we acha tu!

Unakumbuka ulichoniambia Krismasi? "Mpe tu anachotaka, dada, mzee afurahi." Nilinyamaza kwa heshima ya sikukuu. Sasa nasema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hukuwepo Oktoba, Baba alipopaliwa na kipande cha mkate, midomo ikawa ya zambarau mbele ya macho yangu, nami nikampiga mgongoni huku nikimwita marehemu Mama aje anisaidie. Tangu siku ile kila nikimpa kijiko cha uji naliangalia koo lake. Likipanda na kushuka, ndipo nami napumua. Hata nikilala naota koo.

Mwezi huu yule mwalimu wa kumeza wa hospitalini alisema Baba anaweza kujaribu nyama laini, iliyokatwakatwa, mtu akiwa karibu, mradi ashushe kidevu kifuani kila anapomeza, chakula kisije kikapita njia ya mapafu. Basi nimekuwa mtu wa "Kidevu, Baba. Kidevu chini, Baba," kutwa nzima. Hataki hata kunisikia. Wiki iliyopita alisukuma bakuli la uji likamwagika, akasema kwa ule ulimi wake mzito, neno moja moja: "Jumapili. Kwa Cuco. Au sili tena."

Na kweli hakula. Nilipoona mifupa ya mabega inatokeza kwenye fulana, nikasalimu amri.

Don Cuco yupo pale pale kwenye kona, na sufuria lake la mvuke na lile panga, bado anauza taco zake baada ya misa, zile chapati za mahindi zilizokunjwa na nyama ya shavu la ng'ombe ndani. Ndipo Baba alipokuwa akitupeleka, wewe unamwagia mchuzi shati jipya, mimi nagombezwa kwa ajili yako. Jana nilimvalisha shati jeupe, kitambaa cha kifuani akakikataa. Alikuwa na mkongojo wake, lakini njia nzima nilimshika kiwiko.

"Anselmo!" Don Cuco akapaza sauti. "Nilidhani umeshazikwa na hukunialika!"

"Nakusubiri wewe utangulie," Baba akajibu, na wote waliosimama pale na sahani zao wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijipenyeza nikamnong'oneza Don Cuco akate nyama iwe kama ya kulisha kifaranga, chapati ailoweshe supu, pilipili asitie, kitunguu asitie. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza Baba kama anavyomuuliza kila mtu: "Na vyote?"

"Na vyote!"

Don Cuco akanitazama, akaweka sahani mbele yake, nyama tupu. Baba akaikagua.

"Cuco. Nimekuja kula, au nimekuja kuuguzwa?"

Don Cuco akaona haya, akanyunyiza kitunguu na tone la pilipili. Nilitaka kumrukia shingoni, Mungu anisamehe.

Baba akaegemeza ubavu kwenye kaunta, akaishika taco kwa mkono wake mzima. Mimi nilikuwa nimeshika mkanda wake kwa nyuma. Nikafungua mdomo nimwambie "Kidevu, Baba," mara nikaona. Ametoa kiwiko nje, ameinama mbele, shingo imekunjika, kidevu kimekwenda kifuani, sawasawa na wanaume wote waliokuwa kando yake, mchuzi usidondokee shati. Hakuna aliyemwambia. Si ndivyo tunavyokula taco, Eusebio, tangu tuote meno? Na mimi wiki zote hizi nahangaika kumfundisha mzee wa watu kuinama.

Usidhani niliacha kuogopa. Alipouma, panga la Don Cuco lilinyamaza. Nikasikia mvuke tu. Akatafuna, akatafuna. Koo likapanda. Likakaa huko juu, nakuapia, nikaanza Salamu Maria nikasahau maneno. Likashuka. Akakohoa kidogo, nikauvuta mkanda hadi akalalamika. Kisha akauma tena.

Kipande cha mwisho alinisukumia mimi. "Kula. Umekonda." Nikakitia chote mdomoni ili tuondoke haraka, nimesimama wima kama askari, macho kwake yeye. Kikanipalia! Mimi! Pumzi ikakatika, machozi yakanitoka, nikaona giza, nikajua ndiyo nakufa mbele ya mtu niliyekuja kumlinda. Na unadhani nani alinipiga mgongoni? Baba, kwa mkono wake mmoja, tena kwa nguvu.

"Kidevu, binti! Kidevu chini!"

Pale wakacheka hadi wakashika mbavu. Naye akacheka, kwa ule upande wa uso unaoweza kucheka.

Sasa anataka kila Jumapili, na nimekubali. Lakini moyo haujatulia. Ninapoandika yuko chumbani anakunywa uji. Amekohoa, nimekwenda kuchungulia, nimerudi, amekohoa tena. Safari hii sitaki ushauri wako, wala usiniambie nisiogope. Karatasi zako za ukaazi umeshapata, sasa unaweza kuvuka mpaka na kurudi, kisingizio kimekwisha. Njoo Pasaka. Simama upande wake wa kushoto, ushike mkanda. Nimechoka kuogopa peke yangu, mdogo wangu. Njoo tuogope wawili.

Msalimie sana Nereida, wabusu mapacha, na shangazi Obdulia mkionana. Don Cuco pia anakusalimu. Nilimuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema: "Mwambie tuko hai wote wawili, Cuco na mimi. Ila asichelewe."

Mungu akulinde barabarani na kazini, na akulete.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akikugombeza,
Herlinda