Mwanamke Aliyepigwa Mstari

Tarehe tisa Machi, mwaka wangu wa thelathini na mmoja ugenini.

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamtia mtu aibu. Naishi na mjukuu wangu wa kike, mtu mzima, anauza miwani, na siku hizi midomo yake inapasuka kwa ukavu, kila mwezi anakwenda kliniki kupimwa damu, nikimuuliza ananiambia ni kawaida tu, nami nikahisi kuna jambo, nikafungua mkoba wake, ndiyo, nilifungua, nikakuta vidonge, na kwenye pakiti mchoro wa mjamzito aliyepigwa mstari. Nimestaafu usahihishaji wa vitabu. Kwangu kilichopigwa mstari kimefutwa. Nikamuuliza, "Hivi vinafuta mimba?"

"Babu, ni vya chunusi. Dozi ndogo tu."

"Chunusi hupakwa dawa. Tangu lini uso ukameza vidonge?"

"Basi muulize daktari."

"Daktari wako, au mshirika wako?"

Akacheka, kisha akalia. Vidonge nimevificha. Nimempigia baba yake, anayeishi mji mwingine huku huku ugenini, nimekata tiketi mbili, Ijumaa namrudisha kwetu, nami nitabaki huko huko. Nakosea?

*

Unakosea, Babu, na pole, maana naona unampenda. Lakini mkoba wa mwanamke mzima si muswada wako. Dawa hiyo hupunguza mafuta ya ngozi, ndiyo maana midomo inakauka. Si ya kutoa mimba. Inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, ndiyo sababu ya mchoro na ya vipimo. Dozi iwe ndogo vipi, onyo ni lile lile. Ukitaka kushuku, mshuku anayeiuza bila daktari, si msichana anayepimwa.

Tena umeniandikia midomo, kliniki, mkoba. Ngozi ya uso wake hukuitaja. Yeye kutwa anawavisha watu miwani, wanamtazama kwa umbali wa kiganja. Mrudishie dawa leo, amuulize daktari kuhusu dozi alizokosa. Muombe radhi. Kisha mpigie baba yake, ufute ulichosema.

*

Mshauri, nimefanya yote. Mjukuu wangu alinivisha miwani mpya, akasogea karibu, akasema, "Haya Babu, sasa soma." Nikaona makovu ambayo kwa miaka nilikuwa nikimwambia ni ya kutonawa vizuri. Nikaona na jingine: nilimtafutia kosa ili nipate sababu ya kwenda kwetu, ambako hakuna tena wa kunifungulia mlango. Tiketi nimezirudisha. Sirudi.