Siku Niliyocheka Kwenye Simu

Hayes, London
Tarehe 2 Machi

Kwako Dada Peris,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikiamini barua hii imekukuta mzima pamoja na shemeji na watoto. Mama hajambo? Kile kikohozi cha baridi kimemwacha? Na Baba, mguu sasa unamruhusu kufika kanisani, au bado mchungaji anamfuata nyumbani? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kulegea, na jana tuliona jua kwa saa tatu nzima.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimempa Emma, yule nesi wa kutoka Mbale ya kwetu Taita anayeishi Ilford, kwa kuwa anakuja likizo, na ameniahidi kukukabidhi mkononi. Najua pia kwamba bado umenikasirikia. Una haki. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, kisha uamue.

Kwanza habari za kazi. Tangu nitoke katika jeshi la Waingereza nimekuwa kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, napanga mizigo kwenye rafu. Hapo nimepata rafiki, Mzee Balbir, Singasinga aliyezaliwa Voi, babake akiwa fundi wa reli. Aliondoka Kenya akiwa na miaka kumi na miwili, lakini Kiswahili hakijamtoka. Alipoona jina langu kwenye beji aliniuliza kama mimi ni Mtaita, halafu akanieleza jinsi mamake alivyokuwa akinunua kabichi kwa akina mama wetu walioshuka kutoka milimani. Wanawe wanamwelewa, lakini wanamjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye wa kuzungumza naye. Huwaambia wote ghalani kwamba sisi wawili ni watu wa kusini, na wasituchanganye na watu wa Nairobi.

Mwezi wa Novemba nusura nife. Nilikuwa navuka njia ya katikati, nimeinamia orodha ya mizigo, na foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, ikaja nyuma yangu ikirudi kinyumenyume. Dereva alipiga honi. Watu walipiga kelele. Mimi nikaendelea kutembea. Mzee Balbir ndiye aliyenivuta koti, tukaanguka wote wawili sakafuni, kilemba chake kikafunguka. Msimamizi aliniita ofisini, akasema kwamba mtu aliyekuwa askari anatakiwa kuwa macho kuliko wengine. Nikamwambia nilikuwa nimechoka.

Mzee Balbir hakuridhika. Alinifuata hadi chumba cha chai, akakaa mbele yangu, akafunika mdomo kwa mkono na kusema jambo. Nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Akaondoa mkono.

"Nimekwambia nyumba yako inaungua," alisema, "na wewe unacheka."

Dada, ilibidi nitoke nje, maana nilimkumbuka Mama.

Sasa nakwambia nililolificha miaka minne. Sisikii. Lile bomu lililolipuka kando ya gari letu kule Afghanistan halikuniachia kovu hata moja, nanyi mkamshukuru Mungu, nami nikawaacha mshukuru. Sikio la kushoto lilikufa siku ileile. La kulia limekuwa likififia kidogo kidogo, mpaka simu ikawa kwangu kama nyuki waliofungiwa mkebeni. Nilijifunza kuitikia tu. Mtu akinyamaza, nasema, "Vizuri sana." Akinyamaza tena, nacheka.

Ndiyo maana siku ile ya Juni, Mama aliponipigia kusema Baba ameteleza kwenye matuta ya shamba na kuvunjika paja, mimi nilidhani ananipa habari za harusi fulani ya kijijini. Nikasema, "Vizuri sana, Mama," nikacheka. Akakata simu. Jioni nikasoma maneno yako kwamba Baba amevunjika na mimi namcheka Mama. Ningeweza kukueleza yote kwa mstari mmoja. Badala yake nikakuandikia kwamba nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote, Dada. Nilikuwa nimekaa kitandani, nalia.

Utaniuliza kwa nini. Unamkumbuka Mzee Zephaniah, kiziwi aliyekaa karibu na bomba la maji? Wewe ulinikataza, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata kwa nyuma na kumtukana kwa sauti ili wenzangu wacheke, naye akigeuka anatusalimu. Niliona afadhali mseme nimekuwa na maringo kuliko nirudi nyumbani niwe Zephaniah.

Kumbe Mzee Balbir mwenyewe ana vifaa vya kusikia masikioni, vimefunikwa na kilemba, nami sikuvitambua hata siku ile kilipofunguka. Alinipeleka kliniki yeye mwenyewe. Deepa, mtaalamu aliyenipima, hakunificha kitu: sikio la kushoto basi tena, la kulia linasaidika. Mwezi uliopita nikavaa kifaa. Nilipotoka mlangoni nilisikia viatu vyangu mwenyewe vikigonga barabara, nikasimama kama mjinga katikati ya watu.

Jumapili iliyofuata, mchana, nilifungua jumbe za sauti za Mama. Zilikuwa sitini na moja, sikuwahi kusikia hata moja. Nikaanza na ya kwanza. Ng'ombe amezaa. Upepo umeangusha migomba. Umekula nini leo. Nilidhani baada ya Juni sitakuta kitu, kumbe aliendelea, kila Jumapili akitoka kanisani. Kuna moja ambayo hasemi neno. Anapumua tu, na kuku wanalia nyuma yake. Na ile ya Krismasi anasema Baba hataweza tena kupanda hadi shamba la juu, na jirani amekuja mara mbili kuomba alilime yeye. Halafu anauliza, "Mwadime, tumpe, au tukungoje?"

Nimekata tiketi. Nitatua Nairobi tarehe 9 Aprili, kesho yake nipande treni hadi Voi. Si likizo, kazini nimeshaaga. Sijui kama mgongo huu uliozoea rafu bado unaweza jembe, lakini nitajifunza upya, na Baba atakaa kwenye kiti anikosoe. Mniambie mambo mkinitazama usoni, mmoja mmoja, upande wa kulia. Jikoni kwa Mama kuna giza, nitamwomba tutoboe dirisha nione midomo. Emma ameniambia Mzee Zephaniah bado yuko. Nitakwenda kwake wiki ya kwanza, nisimame mbele yake, niombe msamaha polepole ili asome kila neno.

Tafadhali wasomee Mama na Baba barua hii yote, hata pale penye aibu. Mpe shemeji mkono, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya mjomba wao. Mzee Balbir anawasalimu nyote. Anasema nikifika Voi nimpigie picha nyumba za reli, kama bado zimesimama.

Na umwambie Mama, kwa lile swali lake, kwamba nimelisikia. Shamba msimpe mtu. Mningoje.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwadime