Siku Niliyoikataa Sindano

Mtani wangu, Mama Tumaini,

Usishangae kuona nakuandikia kwenye karatasi ya kukatia nguo. Hapa dukani sina nyingine, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema Mmakonde akipewa karatasi safi ataanza kuichonga. Pembeni kuna mchoro wa kola ya shati la mwanafunzi. Uruke tu, uendelee kusoma.

Shikamoo. Ukiwa hai ulikuwa unanigomea salamu hii. "Mtani gani wewe wa kuniamkia? Nitukane kwanza." Na mimi nilikuwa nakutukana, lakini kwa adabu, maana muuguzi aliyeshika dawa zangu ni wewe. Leo nakuamkia nipendavyo na huna la kunifanya. Lo, jinsi ninavyotamani ungekuwa nalo.

Tangu tukuzike kule Lupaso sijarudi kaburini kwako. Niliona haya kwa sababu ya yale ya msibani. Nadhani ulituona. Jeneza lilipotoka kanisani nililala katikati ya njia, nguo nzuri na vumbi lote lile, nikasema huyu Mmakua hapiti mpaka anipe dawa zangu. Wamakua wenzako walicheka, wakanirushia maneno, kama ilivyo haki ya watani. Lakini nyuma yao nilisikia mtu ananong'ona, "Huo ni utani, au kichaa kimempanda tena?" Mwanao Tumaini ndiye aliyeniokoa. Alikuja na macho yake mekundu, akanitia pipi mkononi, akasema, "Dawa yako hiyo, fundi, sasa mpishe mama." Nikampisha. Kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikalia kama mtoto aliyenyimwa.

Mnong'ono ule umenikaa, Mama Tumaini. Mtu akiwahi kuugua akili, kila anachosema baadaye watu hukipima kwanza. Akicheka sana wanapima. Akinyamaza wanapima. Akisema chakula hakina chumvi, wanamwangalia machoni kabla ya kuonja. Wewe hukuwa hivyo. Ulionja kwanza.

Unakumbuka ulivyonikuta? Mimi nakumbuka vipande, vingine nimesimuliwa na kaka Meshaki. Akili zilikuwa zimenichafuka, nikawa nazunguka Kitangari yote nikidai watu wananitilia sumu kwenye ndoo za maji. Wakanifunga kamba wakanipeleka zahanati moja, nikachomwa sindano ya kunituliza, tukarudi nyumbani. Baadaye shingo ikaanza kupinda. Ikapinda ikabaki begani, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito, mate yananitoka. Mama yetu alipiga yowe. Wazee wa ukoo wakasema haya sasa ni majini, na kaka alikuwa ameshatafuta pikipiki ya kunipeleka kwa mganga. Njiani wakakutana na wewe, umetoka kumtembelea mgonjwa wako, umekaa kwenye gari la hospitali huku mlango wazi na unakula muhogo.

Kaka anasema ulinitazama mara moja tu. "Hili si jini. Hii ni dawa aliyochomwa, imemkataa. Mleteni." Ulinipa sindano nyingine ya kulegeza, ukakaa nami chini, ukiishika taya yangu kwa kiganja mpaka shingo ikarudi mahali pake. Halafu ukamwambia kaka maneno ambayo mpaka leo anayasema kwa sauti yako: "Ndugu yako ana magonjwa mawili sasa. Moja ni lake. Jingine tumempa sisi, na hilo tusimpe tena." Ukaandika kwenye kadi yangu kwa wino mwekundu kwamba sindano ile na ndugu zake wote nisipewe. Daktari akanianzishia vidonge vya rangi ya chungwa, kidogo kidogo, ukaniangalia kila mwezi.

Ulinisumbua sana na vidonge vile. Mkebe ufungwe kufuli, ukae kwa kaka, kwa kuwa kidonge chenye rangi mtoto anakiona pipi. Nikiamka kitandani nisikurupuke, nikae kwanza ukingoni, maana vinashusha presha. Nikienda kwenye mikorosho nivae kofia na mikono mirefu, kwa sababu jua litaniunguza kuliko wengine. Uraka niuache, na pombe nyingine zote. Hapo ndipo nilipokuona mkatili. Msimu wa mabibo, Newala nzima inanukia uraka, na mimi nakunywa chai ya tangawizi! Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Huko kwenu juu maji yenyewe mnayaona kwa nadra, na uraka nao nimekunyima. Pole, mtani."

Lakini kilichoniudhi zaidi ni lile swali lako. Kila mwezi, kabla hujafungua kabati, unanikazia macho: "Jina lako nani? Mwana wa nani? Unatoka wapi?" Mimi huyo huyo niliyekushonea sare! Siku moja nilikasirika nikakuambia umeninyima uraka, umenijua mpaka mate yangu, na bado jina langu hulijui? Hukucheka siku hiyo. Ulisema, "Wewe nakujua. Ninayemwogopa ni mimi nikichoka." Kisha ukasubiri mpaka nikajibu. Ukavimimina vidonge kiganjani mwako, ukanionyesha, "Ni vyako?" Nikaviangalia, nikasema ni vyangu. Ndipo ukanipa.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Aliyekuja baada yako ni binti, anaitwa Sista Neema. Usimchukie kabla hujamaliza kusoma. Ana sauti nzuri, anawaamkia wazee, hawapigii wagonjwa kelele. Ila yuko peke yake. Siku ya kliniki benchi linajaa mpaka watu wanakaa kwenye nyasi, na yeye ndiye wa kuandika, ndiye wa kupima presha, ndiye wa kutoa dawa. Ameshatujua kwa sura haraka, na sisi tulifurahi kujulikana. Mimi ananiita "fundi" tangu mlangoni. Lile swali lako haliulizi. Nakiri kwamba mwanzoni niliona ni heshima.

Mwezi uliopita tuliingia na kaka. Nikakaa. Sista Neema alikuwa na kadi mbele yake, akasema bila kuinua macho, "Fundi, leo ni sindano ya mwezi, geuka kidogo." Nikamwambia mimi ni wa vidonge. Akasema kadi inaonyesha daktari ameandika sindano. Kaka akafurahi, nilimwona. Alidhani daktari ametuhurumia, sasa hatutabishana tena juu ya mkebe. Akasema, "Geuka, mdogo wangu. Daktari ndiye anayejua."

Nikaona ameshaivuta dawa, ya njano, nzito, ya mafuta. Ile ya mwezi ikishaingia mwilini haitolewi, Mama Tumaini, wewe ulinieleza. Inakaa humo wiki nzima na nyingine na nyingine. Nikaiona shingo yangu. Nikamwona mama yetu akipiga yowe. Nikasimama nikapaza sauti: "Hiyo si dawa yangu! Mnataka kuniua!"

Unaona shida yangu? Ndiyo maneno yale yale. Nilipokuwa naumwa nilisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, juu ya maji ya ndoo. Kaka aliyasikia akafanya alichojifunza kufanya: alinikumbatia kwa nyuma akaibana mikono yangu. Nilisikia moyo wake unadunda mgongoni kwangu. "Nnungu wangu," alimwita Mungu kwa lugha yetu, "kimerudi." Mlinzi akaja mlangoni. Walio kwenye benchi wakasimama kuchungulia. Na kila nilivyozidi kusukuma ndivyo nilivyozidi kuwa kichaa machoni pao. Nilikuwa na akili zangu zote, mtani, kuliko siku nyingine yoyote, na hapakuwa na mtu mmoja chumbani wa kulijua hilo isipokuwa mimi.

Niliogopa kwelikweli. Niliogopa sindano, lakini zaidi niliogopa kwamba hata wewe ungekuwepo usingeniamini. Halafu nikakuona, si kwa macho, usije ukamwambia daktari. Nilikukumbuka tu ulivyokuwa unasubiri, mikono mapajani, mpaka nijibu.

Nikaacha kusukuma. Nikalegea mwili mzima mikononi mwa kaka, mpaka karibu tuanguke wote wawili. Nikasema taratibu, kwa sauti ya kumuuliza mteja vipimo, "Sista, nakuomba uniulize jina langu, na baba yangu, na ninakotoka. Ukishaniuliza nitakaa mwenyewe, na utakaloona ni sawa ufanye."

Aliinua macho akanitazama. Kisha, namshukuru mpaka leo, aliiweka sindano kwenye sinia na akaniuliza.

"Danieli," nikasema. "Mwana wa Saimoni. Kitangari."

Akaitazama kadi. Akaigeuza. Akaitazama tena. Kadi ilikuwa ya Danieli mwana wa Andrea, wa bondeni, jamaa mmoja mnene, mpole, anayechomwa sindano hiyo kila mwezi na inampenda. Alikuwa nje kwenye nyasi anabangua karanga, hana habari. Yangu ilikuwa chini yake kwenye rundo, na wino wako mwekundu juu yake.

Sista Neema alikaa. Alisema, "Fundi, nisamehe," na mimi, badala ya kusema neno la maana, nikamwambia avute pumzi, kama ulivyokuwa ukiniambia mimi. Kaka alikuwa bado amenishika. Nadhani alisahau kuachia. Sista alikwenda mwenyewe kwa mganga mfawidhi, mkuu wake wa kazi, akaeleza yote, hakuficha hata chembe, na siku ya kliniki iliyofuata tulimkuta ameongezewa mwenzake wa kuandika. Sasa anauliza kila mtu, hata yule bibi ambaye ni shangazi yake mwenyewe. Bibi kachukia kama nilivyochukia mimi.

Ungeniuliza, basi kwa nini unaniandikia na hali yote yameisha? Hayajaisha. Tulipokuwa tunapanda kurudi Kitangari kaka alisimamisha pikipiki njiani, akakaa kwenye jiwe. Kaka yangu si mtu wa maneno. Alisema, "Mimi ndugu yako nimekubana mikono ili uchomwe sumu. Sitakushika tena." Alilia, Mama Tumaini. Mzee mzima, chini ya mkorosho wa watu.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nilishinda. Kuanzia siku ile nikisema sitaki, hakuna atakayenigusa. Lakini nilikaa pembeni yake nikaogopa kuliko kule chumbani. Kwa sababu najijua. Ugonjwa wangu hauji na tarumbeta. Unakuja na sauti yangu, unatumia maneno yangu, unasema "hiyo si dawa yangu" vizuri kuliko nisemavyo mimi. Siku hiyo ikifika, dawa itakuwa yangu, nami nitaapa kwamba ni sumu, na kaka yangu mpenzi ataniamini, ataniacha nizunguke Kitangari mpaka nipotee.

Basi nikamwambia hapo hapo, tukiwa wawili, nikiwa na akili timamu na tumbo tupu. Nikamwambia: kaka, nikikataa dawa, usinishike kwanza. Kwanza soma. Soma chupa, soma kadi, soma jina la baba yetu. Kama kuna kosa, simama upande wangu hata mbele ya daktari mkubwa. Lakini kama kila kitu ni sahihi, kama dawa ni yangu na mimi ndiye ninayesema si yangu, basi nishike, usisikilize nitakavyokuita, hata nikimtaja mama yetu kwa ubaya. Ruhusa hiyo nakupa leo, kwa kuwa siku hiyo nitakunyima.

Tulirudi wiki hiyo hiyo tukamweleza Sista Neema naye mbele ya kaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema wewe ulikuwa na bahati ya watani. Nikamwambia hapana, ulikuwa na dhambi nyingi, ndiyo maana ulipewa Wamakonde.

Nimekukumbuka sana. Nikipita pale kliniki bado nanyoosha shingo kuangalia kama upo. Sare yako ya mwisho, ile uliyoniletea nipunguze kiunoni, imekaa hapa rafu ya juu. Nimeshaipunguza. Nimeipiga na pasi. Nitampelekea Tumaini nikija Lupaso, na nitakuja kabla ya mvua, nipalilie hapo kwako, maana Wamakua kwa uvivu nawajua.

Kwa heri, mtani. Ahadi zangu nyingi ulizicheka, kwa hiyo nakuahidi moja tu. Siku watakapolazimika kunishika, na chupa ikawa sahihi, nikishapona sitawadai msamaha. Nitawashukuru.

Wako,
Danieli