Simu ya Mtu Anayezungumza kwa Mikono

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua wenzangu wanakuletea ndoa zilizovunjika na wakwe wasiokalika, mimi nakuletea habari ya simu, lakini nisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana naomba msaada wako kweli, na hapa nilipo nimekalia ndoo ya rangi nikiandika huku wenzangu wanakula, na wameshaniuliza kama ni barua ya mapenzi, nikawaambia ndiyo ili waniache.

Mimi ni fundi bomba. Nina mdogo wangu wa kike, kiziwi tangu utotoni, tunamwita Sindano, na jina hilo alipewa na marehemu mama kwanza kwa sababu ni mshonaji, anashona sare za shule na mapazia ya watu pale pale sebuleni kwetu, na pili kwa sababu anachoma, yaani huyu mtu hasikii hata ngurumo lakini kwa umbea hana mpinzani, atakuigizia mteja anavyoingia akijifanya hana haraka, atakuigizia mwalimu mkuu anavyopandisha suruali kabla ya kusema neno, kwa mikono na nyusi tu, mpaka mbavu zikuume. Shule alikaa kidogo tu, hakukuwa na mwalimu wa kumfundisha mtu kama yeye, akatoka na kuandika majina na vipimo vya nguo, kwa hiyo ujumbe wa maandishi haumfai. Lugha yake ni ishara tulizozitunga wenyewe nyumbani, mama, yeye na mimi, na tangu mama afariki tumebaki watu wawili duniani tunaoijua.

Mama alipokuwa hai nikipiga simu yeye ndiye alikuwa mdomo wetu. Ataniambia, "Mdogo wako anasema umenenepa." Namuuliza, "Amejuaje na hanioni?" Mama anageuka kutazama mikono yake, kisha anarudi akicheka, "Anasema ameniona mimi ninavyotabasamu, na mimi sitabasamu hivi kwa mtoto aliyekonda." Ndivyo tulivyokuwa tukiongea, mshauri, na sikujua kama ile ilikuwa raha mpaka ilipokwisha.

Sasa nyumba yetu iko bondeni, kilima kimeuziba mnara, mtandao ukija unakuja kama mgeni asiyevua viatu, na hata huo unapatikana dirishani jikoni tu. Nikajikaza nikaenda kununua simu ya kuonana. Muuzaji akaniambia, "Kaka, chukua hii, ina kamera nne, hata mbu unampiga picha ya pasipoti." Nikaijaribu pale pale dukani na jamaa mmoja aliyekuwa upande wa pili wa barabara, picha safi kama kioo, nikafurahi, nikampa baba mdogo aliyekuwa amekuja mjini ampelekee.

Siku ya kwanza nilipompigia nilimwona. Nililia, sikufichi. Lakini alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na kuongea kwa mkono uliobaki, na lugha yetu ni ya mikono miwili, kwa hiyo akawa kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, akaona sielewi, akakasirika, akaishindilia simu kwenye nondo za dirisha, akarudi nyuma, akainua mikono yote miwili aniambie kitu, na pale pale picha ikaganda. Uso umekunjamana, mikono iko hewani, imefunguka. Nikasubiri. Ikakatika. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Ile picha ninayo kichwani mpaka leo, nikifunga koki naiona, na sijui alitaka kusema nini.

Nisingesumbuka hivi, mshauri, kama si hili ninalokueleza sasa. Baba mdogo alinipigia juzi akasema, "Mwanangu, yale mambo ya mdogo wako na nyumba yamekwisha. Mdogo wako atahamia kwangu, amsaidie mama yako mdogo kazi za ndani, na ile nyumba tutaipangisha. Mwisho wa mwezi tunakaa kikao, tunamaliza."

Nikamuuliza, "Yeye mwenyewe anasemaje, baba?"

"Amekubali. Nimemwonyesha begi, nimemwonyesha njia ya kwangu, ameitikia kwa kichwa. Sasa unataka aape?"

Baba mdogo si mtu mbaya, ndiye aliyembeba Sindano mgongoni mpaka zahanati alipougua akiwa mdogo, na anaogopa kweli msichana asiyesikia kulala peke yake. Lakini mimi namjua mdogo wangu. Yeye huitikia kwa kichwa kwa kila mtu asiyemwelewa, ili mtu amalize, aondoke, arudi kwenye cherehani. Aliwahi kumwitikia muuza dawa ya panya mpaka akaachiwa katoni nzima.

Nami niko hapa kwenye jengo la hospitali tunatandaza mabomba, msimamizi hataki kusikia neno ruhusa. Wenzangu wanasema niachane na masimu, baba mdogo ni mtu mzima, anajua. Na nikwambie ukweli wote, ninaogopa kote kote, akisema anataka kubaki halafu apatwe na jambo, lawama ni yangu, na akisema anataka kuja kwangu, nina chumba kimoja na pazia. Naomba uniambie, simu gani ya bei ya fundi bomba itashika mtandao kule bondeni, nimwone mdogo wangu kabla ya kikao? Au niache tu?

Mimi,
Kaka yake Sindano

*

Kaka yake Sindano,

Marahaba. Sikucheka. Nilikasirika, nikaisoma barua yako tena nikaacha kukasirika, nilipofika kwa begi na kichwa nikakasirika upya, na safari hii si kwa ajili yako peke yako.

Nianze na simu, kwa kuwa ndiyo uliyouliza, na naona katika ukoo wenu mtu kujibiwa alichouliza ni bahati.

Ulinunua simu ya kupiga picha mbu. Kamera nne mgongoni, na mdogo wako anaongea akiwa mbele yake! Halafu ukaijaribu mjini, mnara uko juu ya kichwa chako, na mtu wa upande wa pili wa barabara. Fundi mzima! Wewe ukimaliza kufunga mabomba unayajaribu bila kufungulia maji? Simu ya bondeni hujaribiwa bondeni, basi.

Anza na mtandao kabla ya simu. Mtafute mtu anayeishi jirani na kwenu, muuguzi wa zahanati, mwenye duka, yeyote mwenye simu ya kioo, asimame kwenye dirisha lile la jikoni akwambie ni kampuni gani inayofungua picha pale, na ipi inayozunguka tu bila kufika. Ukishaijua kampuni, nenda ofisini kwao, si kwa bwana mbu, uulize mnara wa kule unatumia masafa gani ya mawimbi. Minara ya mashambani mara nyingi hutumia masafa ya chini, kwa sababu hayo huenda mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, na zipo simu za bei ndogo zisizoyashika hata kama boksi limeandikwa 4G kwa herufi za bango la uchaguzi. Mwambie muuzaji akuonyeshe masafa hayo kwenye maelezo ya simu. Akikurudisha kwenye kamera, muage kwa adabu.

Chukua yenye laini mbili, kampuni moja ikilala nyingine iamke. Chukua betri kubwa, maana simu inayotafuta mtandao kutwa hujimaliza yenyewe. Kamera ya mbele ionyeshe vidole vikiwa vinatembea, na hilo unalipima kwa kupunga mkono mbele yake, ukiona ukungu badala ya vidole, rudisha. Mtetemo uwe wa nguvu, na muuzaji akuwekee tochi iwake simu inapoita, mdogo wako aione akiwa kwenye cherehani. Kava la chuma usiliguse, linaziba mtandao. Iliyotumika si aibu kama betri ni nzima. Ile ya kwanza iuze, bwana mbu mwenyewe ataipenda.

Na kwa nini hakuna aliyefikiria kwamba mtu anayeongea kwa mikono hawezi kushika simu anapoongea? Ulimpa mdomo ukaufunga nusu. Mtengenezee kishikio cha simu kwa vipande vya bomba la plastiki, kazi hiyo huna haja ya kufundishwa na mimi, ukifunge kwenye nondo za dirisha kwa usawa wa kifua chake, na nyuma yake kuwe na ukuta mtupu wenye mwanga.

Halafu uache uroho wa kuonana moja kwa moja. Mtandao hafifu ni bomba lenye presha ndogo. Kuoga kwa bomba la mvua huwezi, lakini ukiweka ndoo chini likadondosha, ndoo itajaa. Mfundishe ajirekodi video fupi, ya ubora mdogo, aitume, aendelee na sare zake. Itafika ikichelewa, lakini itafika nzima, na mikono haitaganda katikati ya neno. Nawe umjibu hivyo hivyo. Mtaongea kama watu wanaoandikiana barua, na si kitu, hata hii yetu ni barua na tumeelewana.

Sasa nije kwenye kile kichwa kilichoitikia.

Nimesoma mengi na nimegombana na watu wengi katika ukurasa huu, lakini hakuna kitu kinachonichemsha damu kama ridhaa inayokusanywa kwa mtu ambaye hakuna aliyejisumbua kujifunza lugha yake. Msichana anaonyeshwa begi. Begi! Anaweza kuwa alidhani anaombwa kulishona zipu. Kwa kichwa hicho kimoja nyumba imepangishwa, cherehani imehamishwa, na mshonaji mwenye wateja wake amegeuzwa msaidizi wa jikoni kwa watu. Baba mdogo, kama unaletewa gazeti hili, sikiliza. Ulimbeba mtoto huyo mgongoni, na Mungu akulipe, lakini amekua, ana kazi yake, ana umbea wake. Hofu yako ni ya haki. Funga komeo imara, mtafutie jirani wa kumwangalia, ila usimpange kama kabati.

Na wewe kaka mtu usijifiche nyuma ya msimamizi. Barua yako inasema yenyewe, unaogopa jibu. Simu mbovu ilikusaidia, maana haikukuletea jibu lolote. Ukinunua nzuri itabidi uambiwe. Sikulaumu kwa kuogopa, mdogo wangu, mtu haogopi hivyo kwa asiyempenda. Nakulaumu kwa kuuliza kama uache.

Usiache. Leo, ukishasoma hapa, mpigie baba mdogo umwambie kwa heshima zako zote, "Baba, kikao hakikai bila yeye, na bila mimi wa kumtafsiria. Akishasema kwa lugha yake, nitaliheshimu neno lake nanyi mtaliheshimu." Akinuna, nuna naye kidogo, mtapatana. Kisha nenda kwa msimamizi uombe siku chache. Hospitali ina mafundi wengi. Lugha yenu ina watu wawili, na mmoja wao anasubiri.

Simu mpelekee mwenyewe, usimpe mtu. Ifunge dirishani, mwonyeshe inavyowaka, rekodini moja pamoja mcheke. Mfundishe baba mdogo ishara chache kabla ya kikao, na ya kwanza iwe ile ya "sitaki". Akiijua hiyo, nusu ya kazi imekwisha. Halafu umwambie Sindano yote, bila kuficha. Kuna nyumba hii, kuna kwa baba mdogo, kuna chumba chako kimoja chenye pazia. Akichagua kubaki, utamwekea komeo na utampigia kila siku, na likitokea la kutokea hutamwacha mtu akwambie ulimtelekeza. Akichagua kuja kwako, utabanana naye na cherehani, na wateja watatafutwa. Akichagua kwa baba mdogo, na aende, ila aende na cherehani yake na dirisha lenye mtandao.

Ukishamuuliza, kaa chini mbele yake na usimsaidie kujibu. Utajua neno la pili kabla hajafika la kwanza, nyie ni ndugu, utataka kumkatiza. Usithubutu. Mwache aseme mpaka mikono yake ishuke yenyewe mapajani.

Mshauri